Nimesoma riwaya za anga, sasa naogopa nyota. Je, nimeanza kuugua?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Dar es Salaam, nina mtoto wa miezi minne, wa kwanza. Tangu nijifungue nakaa macho usiku nikinyonyesha, nikaanza kusoma kwenye simu ili nisisinzie na mtoto kifuani. Rafiki yangu alinitumia zile riwaya tatu za Mchina Liu Cixin, za viumbe wa nyota ya jirani. Nimezimaliza zote ndani ya wiki tatu, na tangu hapo siko sawa. Giza likiingia sitoki nje, hata nepi naanua mapema. Nikiona nyota moyo unaenda mbio. Mtoto akilala mimi silali, naingia mtandaoni kutafuta kama nadharia ya msitu wa giza ni kweli, mpaka alfajiri. Nikimtazama mwanangu nawaza kwamba nimemleta duniani aje aangamizwe. Pale Cheng Xin aliposhindwa kubonyeza kitufe nililia sana, kwa sababu na mimi nisingeweza. Mume wangu anasema niachane na vitabu vya wazungu. Mama anasema ni mapepo, nikaombewe. Rafiki yangu amezisoma mara mbili na analala fofofo. Je, nadharia ile ni kweli? Je, ndiyo nimeanza kuchanganyikiwa? Na je, niache kabisa kusoma riwaya za namna hii?"*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara tatu. Maswali yako yote nitayajibu, lakini kuna sentensi moja uliyoipitia haraka ambayo mimi nimeishika kuliko nyingine, na nitaieleza kabla sijafika kwenye nyota. Msomaji mwingine anayetarajia kuzisoma riwaya hizi ajue mapema kwamba humu nitataja mambo ya hadi juzuu ya tatu.

Kwa faida ya wasiozisoma: juzuu ya kwanza, The Three-Body Problem, ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Kichina mwaka 2006, na tafsiri yake ya Kiingereza ikashinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mwanasayansi wa kike, Ye Wenjie, aliyeshuhudia baba yake akiuawa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni huko China, anawasiliana kwa redio na viumbe wa mfumo wa nyota ulio karibu nasi, wenye jua tatu zinazoisumbua sayari yao. Wanaanza safari ya kuja kuichukua Dunia, safari ya zaidi ya miaka 400. Juzuu ya pili inatoa nadharia ya msitu wa giza: kila ustaarabu ulimwenguni ni mwindaji anayenyata gizani, na akimwona mwenzake anafyatua kwanza, kwa kuwa hawezi kujua nia yake. Juzuu ya tatu inaishia pabaya zaidi, sayari zetu zote zikibanwa na kuwa bapa kama picha kwenye karatasi. Ni riwaya nzito, zimetungwa kwa ustadi mkubwa, na wewe si msomaji wa kwanza kutoka humo akiwa na baridi mwilini.

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Hapana, sioni katika barua yako dalili kwamba umechanganyikiwa. Mtu aliyepotewa na uhalisia haulizi kama jambo ni kweli. Anakwambia. Anajua tarehe watakayokuja, ameshapata ujumbe wao kwenye taa ya barabarani au kwenye wimbo wa redioni, na ukimpinga anaona na wewe ni mmoja wao. Wewe unaogopa jambo ambalo nusu ya akili yako inajua limetungwa, na unaona haya kuliogopa. Hiyo ni hofu, tena hofu iliyochoka. Hofu inatibika, na mara nyingi hata haihitaji dawa.

Sasa ile sentensi. Umeandika: *mtoto akilala mimi silali.* Mama mwenye mtoto wa miezi minne kukosa usingizi ni jambo la kila nyumba. Tunachokiuliza sisi tunaohudumia wazazi wapya ni kingine: ukipewa nafasi ya kulala, unalala? Mtoto yuko kimya, nyumba imetulia, chakula umekula, umejinyoosha kitandani. Mama aliyechoka tu anapotea ndani ya dakika chache. Mama ambaye wasiwasi umemshika anabaki macho, akili inazunguka. Kwako inazunguka kwenye nyota. Kwa mama mwingine inazunguka kwenye pumzi ya mtoto. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilikuwa nawasha tochi ya simu, naiziba kwa kiganja ili mwanga utoke mwekundu kati ya vidole, kisha nahesabu kifua chake kikipanda na kushuka. Nikifika hamsini naanza tena. Nilikuwa tayari na shahada ukutani inayosema najua habari za wasiwasi, na bado nilihesabu kwa wiki kadhaa kabla sijamwambia mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Hapo kwetu tumezoea kumwona mgonjwa ni yule mama anayelia na kumkataa mtoto. Kumbe wapo wengi wasiolia. Wanampenda mtoto kupita kiasi, wanamlinda dhidi ya kila kitu, na kila wanapomtazama wanaona namna atakavyokufa. Mawazo hayo yanapoingia yenyewe bila kukaribishwa, mama hujiona mchawi. Siyo. Karibu kila mzazi mpya hupitiwa na mawazo ya aina hiyo, isipokuwa kwa wengine hupita na kwa wengine hung'ang'ania.

Kwa hiyo naona hivi: kitabu hakikuizaa hofu yako. Kilikukuta macho saa tisa usiku, mwili umechoka, homoni bado hazijatulia, na mkononi una kiumbe kisichoweza kujitetea. Hofu ilikuwepo tayari, haina jina. Liu Cixin akaipa jina, sura, hesabu na meli elfu moja. Ungekuwa unasoma habari za magonjwa ya watoto wachanga usiku ule, leo ungeniandikia kuhusu homa ya uti wa mgongo.

Haina maana kwamba kitabu hakikufanya chochote. Kimefanya, na watu wengi hawaelewi jinsi hadithi inavyofanya kazi kichwani. Mumeo anadhani kwa kuwa jambo limetungwa, akili inapaswa kuliweka pembeni. Akili haifanyi hivyo. Mwanasaikolojia Daniel Gilbert aliandika mwaka 1991 kwamba tunapoelewa jambo tunalipokea kwanza kama kweli, na kulikataa ni kazi ya pili, inayohitaji nguvu. Mtu aliyechoka, au ambaye mawazo yake yamegawanyika, kazi hiyo ya pili huwa inamshinda. Sasa jifikirie usiku: mkono mmoja umembeba mtoto, jicho moja kwenye titi, jingine kwenye simu. Ulikuwa unapokea tu, nguvu ya kuchuja haipo.

Kuna na jambo la pili. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock walichapisha utafiti kuhusu kile walichokiita kusafirishwa na hadithi, ile hali ya msomaji kuhama alipo akaishi ndani ya kisa. Waliona kwamba kadiri msomaji anavyozama, ndivyo imani zake zinavyosogea kuelekea zile za hadithi, na ndivyo anavyopunguza kuikosoa. Watu hawafanani katika uwezo wa kuzama. Wewe unazama sana, na kwa mpenda vitabu hicho ni kipaji. Rafiki yako huenda alisoma mchana, ndani ya daladala, akishuka kituoni anakutana na jua, kelele za makondakta na njaa. Kila aliposhuka, alitoka na msituni. Wewe ulikuwa ukifunga simu unakutana na giza lilelile, ukimya uleule, na mtoto yuleyule. Mlisoma maneno mamoja, lakini chumba cha kusomea hakikuwa kimoja.

Kisha ukafanya jambo ambalo kila mwenye hofu hulifanya, na ndilo linaloifuga. Ukaanza kuepuka, na ukaanza kuhakikisha. Kuanua nepi mapema ili usione nyota ni kuepuka. Kila jioni unapoingia ndani haraka na hakuna kinachotokea, ubongo hauandiki kwamba nje palikuwa salama. Unaandika kwamba umeponea chupuchupu, kesho wahi zaidi. Kuperuzi mtandaoni mpaka alfajiri ni kuhakikisha. Unatafuta makala moja itakayokwambia hapana, haiwezekani. Unaipata, unatulia dakika kumi, kisha unaona maoni ya mtu chini anayesema inawezekana, unaanza upya. Hakuna makala itakayokutosha, kwa kuwa unachokitafuta ni uhakika wa asilimia mia, na huo haupo kwa jambo lolote, hata kwa gari utakalopanda kesho.

Na kujilazimisha usiwaze nako hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele ziligongwa sana. Tena walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Mumeo akikwambia "acha kuwaza hayo mambo", anakupa dubu mweupe bila kujua.

Haya, nadharia yenyewe. Umeuliza kwa unyoofu kama ni kweli, nami sitakutuliza kwa kukudanganya. Swali lililo nyuma yake ni la kweli. Mwaka 1950, wakiwa kwenye chakula cha mchana Los Alamos, mwanafizikia Enrico Fermi aliuliza: ikiwa nyota ni nyingi hivi, mbona hatumwoni mtu? Msitu wa giza ni jibu mojawapo. Yapo mengine mengi: huenda uhai ni adimu, huenda uhai wenye akili ndio adimu zaidi, huenda umbali ni mkubwa mno, huenda tumeanza kutafuta juzi tu. Na ni kweli kwamba mwanafizikia Stephen Hawking alionya mwaka 2010 tusijitangaze hovyo. Kwa hiyo anayekwambia ni upuuzi mtupu anakosea. Anayekwambia imethibitishwa anakosea zaidi. Mtunzi alianza na kanuni mbili, kwamba kila ustaarabu unataka kuishi, na kwamba mali ya ulimwengu haiongezeki huku wanaoitaka wakiongezeka. Akajengea hapo. Ukikubali misingi yake yote, nyumba inasimama. Lakini misingi aliichagua mwenyewe, kwa sababu alihitaji ulimwengu katili ili riwaya yake isimame.

Mimi si mwanasayansi wa anga, ila nimesoma kiasi cha kukuonyesha ufa mmoja ambao binafsi unanitosha. Nadharia inasema usalama ni kujificha. Sasa, Dunia haijajificha. Hewa yetu ilianza kujaa oksijeni yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, na oksijeni nyingi namna hiyo ni alama ambayo wanasayansi wetu wenyewe wa anga wanaitafuta kwenye sayari za mbali kama ishara ya uhai. Yaani taa ya nje imewaka muda wote huo, kabla hajazaliwa samaki, kabla ya dinosaria, kabla ya mtu wa kwanza kusimama kwa miguu miwili. Kama msitu ungekuwa umejaa wawindaji wanaofyatua kila wanapoona mwanga, walikuwa na muda wa kutosha.

Na ile nyota ya jirani unaijua kwa macho, pengine ndiyo inayokushtua. Mwezi wa Juni, kwenye saa tatu usiku, ukitazama kusini kutokea Dar unaona nyota mbili kali zilizokaribiana, zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ndiyo Alpha Centauri. Kutoka Shanxi, mkoa wa China alikofanya kazi Liu Cixin kama mhandisi wa kompyuta katika kituo cha kufua umeme, nyota hiyo haichomozi kabisa. Ipo kusini mno. Sisi tunaiona, wao hawaioni. Halisi yake ni tofauti na ya riwayani. Ni kweli ni nyota tatu, lakini hazigombani: mbili zinazungukana kwa miaka 80 hivi, na ya tatu, ndogo, inawazunguka kwa mbali sana, mzunguko mmoja ukichukua mamia ya maelfu ya miaka. Hiyo ndogo ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote, miaka 4.24 ya nuru. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilometa 17 kila sekunde, na kwa mwendo huo umbali huo kingeumaliza kwa zaidi ya miaka 70,000. Nakupa mambo haya mara moja tu, yakae kwako. Usiyageuze kuwa dawa ya kurudia kila usiku, maana hapo yatakuwa kuhakikisha kulekule.

Sasa turudi ndani ya kitabu, kwa sababu nadhani hukukisoma chote. Macho yako yalipita kote, lakini hofu huchagua. Kumbuka ujumbe wa kwanza kabisa uliotoka kwa viumbe wale kuja duniani. Ulisema nini? Ulimwonya Ye Wenjie asijibu. Kulikuwa na msikilizaji mmoja kule, peke yake zamu yake, aliyepokea sauti ya dunia asiyoijua, akajua wenzake wataivamia, akaamua kuwaokoa watu ambao hajawahi kuwaona, huku akijua adhabu inayomngoja. Msitu wa giza unasema kiumbe wa namna hiyo hawezi kuwepo, na mtunzi yuleyule amemweka mlangoni mwa hadithi yake. Ye Wenjie alijibu kwa sababu ya yale aliyotendewa na binadamu wenzake, wala si kwa sababu ya nyota. Ukikisoma kitabu upya mchana, umepumzika, nadhani utamwona yule msikilizaji. Usiku ulimwona mwindaji tu.

Na Cheng Xin. Wasomaji wengi wanamchukia mwanamke huyu. Alipewa kitufe cha kuwatishia wavamizi, kwamba akikibonyeza dunia zote mbili zitafichuliwa na kuangamia. Wakashambulia, naye hakubonyeza. Wanasema upole wake uliiponza dunia. Wewe ulilia kwa kujiona ndani yake, na nadhani ulijihukumu humohumo: kwamba mama mpole hawezi kumlinda mtoto. Mimi namsoma tofauti. Walioshindwa ni wale waliokubali uhai wa watu wote uning'inie kwenye dole gumba la mtu mmoja, kisha wakamlaumu yeye. Wewe, saa hizi, umeshika kitufe cha aina hiyo kila usiku. Umejipa zamu ya kuilinda Dunia nzima ukiwa peke yako, saa tisa usiku, na titi mdomoni mwa mtoto. Hakuna aliyekupa zamu hiyo. Iache.

Tuje kwenye la kufanya. Cha kwanza ni usingizi, kabla ya chochote kuhusu vitabu. Unahitaji saa nne au tano mfululizo usizoamshwa, angalau siku kadhaa kwa wiki. Hapo ndipo mumeo anapoingia, na hapo ndipo mama yako atakuwa wa msaada mkubwa kuliko popote. Kamua maziwa jioni yakae kwenye friji, mmoja wao ampokee mtoto zamu ya kwanza, wewe ulale chumba kingine kama kipo. Simu ilale sebuleni. Ukijikuta macho kitandani muda mrefu, ondoka, kaa kwenye kiti kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaikia. Ulifanya vema kuogopa kusinzia na mtoto kifuani, hasa kwenye kochi, ni hatari ya kweli. Ila badala ya kusoma, weka redio kwa sauti ndogo, au kaa wima na mto mgongoni na mumeo akujulie hali.

Pili, hofu ipangie saa. Tangu mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake walionyesha kwamba watu wenye wasiwasi mwingi hupata nafuu wakiutengea muda maalumu wa nusu saa kila siku, mahali palepale. Chukua saa kumi alasiri, kiti cha barazani, daftari. Andika yote, nyota, wawindaji, mwanangu. Nusu saa ikiisha, funga daftari, kateke maji. Wazo likija usiku, liambie lisubiri saa kumi. Kwako hiyo inaweza kuwa na nguvu kuliko dawa ya usingizi, na dawa ya usingizi usinunue duka la dawa kwa kujiamulia, kwa sababu unanyonyesha.

Tatu, ukishalala vizuri kwa siku chache, anza kutoka nje. Siku ya kwanza anua nepi jua linapozama. Siku nyingine toka na mumeo nyota zikiwa tayari zimetoka, kaeni barazani bila kuangalia juu. Kisha tazama. Moyo utadunda. Usikimbilie ndani, usifungue simu, kaa hapo mpaka mdundo ushuke wenyewe, kwa kawaida haupiti nusu saa. Mwonyeshe ule Msalaba. Ubongo wako unahitaji kuiona anga huku umekaa, huku mtu anaongea habari za umeme kukatika na bei ya mkaa. Rudia. Ukiona mara ya tatu ni ngumu kuliko ya kwanza usikate tamaa, huwa inapanda na kushuka.

Kuhusu kuacha riwaya hizi: sikushauri uache, wala sikushauri uendelee usiku. Ziweke kando mwezi mmoja au miwili, kwa hiari yako, kama mtu anayepumzisha mguu ulioteguka. Kuzikimbia moja kwa moja kutakufundisha kwamba kweli ni za hatari. Ukirudi, soma mchana, sura chache, na uwe na mtu wa kuzizungumzia. Mwite huyo rafiki yako aje kumwona mtoto, mzungumze uso kwa uso, umuulize yeye aliona nini kwa yule msikilizaji. Na kama unataka kitu cha anga kwa sasa, jaribu kitabu cha katuni. Kwenye katuni kila tukio limefungiwa ndani ya kisanduku, na jicho linaweza kusimama ukingoni. Katika riwaya giza unalichora mwenyewe, na mwenye wasiwasi hulichora jeusi zaidi. Ipo LaGuardia, ya Nnedi Okorafor, iliyoshinda Hugo mwaka 2020. Daktari mjamzito anatoka Nigeria kwenda New York akiwa amemficha kiumbe mgeni mwenye umbo la mmea anayetafuta hifadhi. Humo kuna chuki, kuna maandamano na maofisa wa mpakani, si hadithi ya kubembeleza. Lakini mama mle ndani na mgeni wake wanahangaikia jambo moja.

Mumeo mwambie tu kwamba mtunzi ni Mchina, kisha mpe kazi niliyoitaja hapo juu, maana nahisi anataka kusaidia na hajui ashike wapi. Mama naye usigombane naye. Maombi yakikutuliza, omba, na akukumbatie huku mkiomba. Ninachoomba kwake ni kimoja: asikwambie una mapepo. Neno hilo likimwingia mama aliyejifungua juzi, humfanya afiche dalili badala ya kuzisema.

Na hapa nisikilize vizuri. Jambo lako limepita wiki mbili na linakunyima usingizi hata mtoto anapolala, kwa hiyo hata kama ushauri huu utakusaidia, nataka uonane na mtu ana kwa ana. Anza na kliniki ya mama na mtoto unakompeleka kupima uzito na chanjo. Wanaweza kukupima kwa maswali mafupi. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika sana duniani kilitungwa Edinburgh mwaka 1987, maswali kumi tu, huchukua dakika chache. Ikihitajika watakupa rufaa kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili. Najua jirani akisikia neno hilo anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengi ninaowaona huja na kanga yao, mtoto mgongoni, wanakaa saa moja, wanarudi nyumbani kupika. Na kama itabidi utumie dawa, zipo ambazo daktari anaweza kumwandikia mama anayenyonyesha.

Lakini yakitokea haya, usisubiri kliniki wala usisubiri jibu langu, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza: ukianza kuona hakika kwamba viumbe wanawasiliana nawe, ukisikia sauti, ukikaa siku mbili bila usingizi na hata huhisi uchovu, ukiwaza kujidhuru, au ukiwaza kwamba mtoto ni heri afe sasa kuliko aje ateseke. Hili la mwisho nimeliweka makusudi, kwa sababu uliandika kwamba umemleta aje aangamizwe. Najua kwako ni huzuni, si mpango. Mwonyeshe mumeo aya hii, ili ikigeuka aijue.

Ukifika kliniki usianze na riwaya, nesi atapotea njia. Mwambie hivi: "Nina mtoto wa miezi minne. Mtoto akilala mimi silali. Nina hofu kila usiku kwamba atadhurika, na imepita wiki mbili." Sentensi hizo ziandike leo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana tukifika mbele ya meza ile wengi tunasema tuko salama.